Namna ya Kutembezwa Bruxelles Ukitokea Bukama

Kabla hujaenda kutembezwa kwenye viwanja vya kale vya Bruxelles, jitembeze kwanza Bukama. Anzia kituo cha treni, teremka hadi ukingo wa Lualaba ambako samaki wakavu hupakuliwa kutoka kwenye mitumbwi, simama hapo uangalie reli na mto kwa pamoja. Hayo ndiyo maandalizi ya safari, na yana faida kuliko koti la baridi. Ukifika Ulaya bila koti utapata ndugu wa kukuazima. Ukifika bila kujua kwenu kulitokea nini, hakuna atakayekuazima hilo, na utazungushwa uwanja mzima ukiitikia kwa kichwa.

Ya kujua si mengi. Reli kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, iliingia Bukama mwaka 1918. Kutoka hapa kwenda kaskazini Lualaba inapitika kwa meli hadi Kongolo, na meli hizo ziliendeshwa na CFL, kampuni ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain. Mzigo ulishushwa kwenye mabehewa ukapakiwa melini hadi Kabalo, ukapanda treni tena hadi Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ukaishia Dar es Salaam, ambako Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo lao bandarini mwaka 1921. Mwaka 1928 ikafunguliwa reli ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, zaidi ya kilomita 1,100, na Mfalme Albert I akaja mwenyewe na malkia wake kwenye uzinduzi. Mfalme wa Ubelgiji, basi, aliijua njia ya kwenu. Huna sababu ya kuingia mjini kwake kama mtu aliyepotea.

Njia hiyohiyo ilipitisha watu. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kukusanya vibarua wa migodi na reli, na vijana wengi wa vijiji vya Waluba waliondoka makwao kwa kushurutishwa. Kabla hujafunga safari, kaa na wazee wa ukoo. Uliza nani alichukuliwa, akapelekwa mgodi gani, kama alirudi. Andika majina kwenye daftari na daftari uliweke kwenye mkoba unaokaa nao, si kwenye sanduku linalopita chini ya ndege.

Ukiwa na siku za ziada, teremka na mto hadi Ziwa Kisale, pale Sanga. Waakiolojia walioanza kuchimba hapo mwaka 1957 walikuta makaburi ya kale, mengine yanakaribia umri wa miaka elfu moja au kuupita, yenye vyungu vizuri ajabu na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya karne za baadaye mlikuwa na misalaba midogo ya shaba iliyokuja kutumika kama fedha. Bonde lile halina mgodi wa shaba. Shaba ililetwa kutoka kusini, ikafuliwa na mafundi, ikauzwa, ikazikwa na wenyewe, karne nyingi kabla Ubelgiji haijawa nchi mwaka 1830. Mwongozaji akikuambia kwamba Wabelgiji ndio walioivumbua shaba ya Katanga, mjibu kwa upole na umtajie Sanga.

Sasa uko Bruxelles. Tafuta waongozaji wawili. Wa kwanza utamkuta Grand-Place asubuhi ameshika mwavuli wa rangi kali, anatembeza watu kwa bakshishi. Wa pili mtafute mapema: kundi linaloitwa Collectif Mémoire coloniale et lutte contre les discriminations limekuwa likiwatembeza watu Matonge na mitaa ya jirani, likiwaonyesha alama za ukoloni zilizo wazi barabarani. Mwenye mwavuli akuchukue asubuhi, Collectif alasiri. Ukiwa na mmoja tu, utaona nusu ya mji.

Watakuuliza unatoka wapi. Usiseme Kongo ukanyamaza. Sema Bukama, jimbo la Haut-Lomami, kwenye Lualaba. Itakubidi ueleze, na kueleza ndiko unakokutaka. Mtu akishasikia kwamba kuna mji ambako mto mkubwa wa Kongo huanza kubeba meli, hatakuona tena kama sehemu ya umati.

Grand-Place itakushtua, ujiandae. Uwanja wenyewe si mkubwa, lakini umezungukwa pande zote na nyumba ndefu nyembamba zilizonakshiwa mpaka kwenye paa, nyingine zimepakwa dhahabu, na jumba la jiji lina mnara wa mita 96. UNESCO iliuingiza uwanja huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1998, na haikukosea. Tazama mpaka shingo iume. Uzuri wa mwenzio hauli chochote cha kwako, na mtu anayekataa kusifu kitu kizuri kwa sababu ya hasira anajiadhibu mwenyewe.

Mwongozaji atakusimulia kwamba mnara hauko katikati ya jumba, na kwamba fundi wake alipogundua kosa hilo alijirusha kutoka juu akafa. Sikiliza, ni hadithi tamu, lakini usiipeleke nyumbani kama habari. Mrengo wa kushoto ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 15, wa kulia ukaongezwa baadaye na ukatoka mfupi, mnara ukakamilika baada ya hapo. Ni watu wa vizazi tofauti waliojenga kila mmoja kwa nafasi aliyoikuta.

Jambo la kushika kwa mikono miwili ni la mwaka 1695. Agosti ya mwaka huo jeshi la Louis XIV wa Ufaransa, likiongozwa na Marshali Villeroy, liliupiga mji huu mizinga kwa siku tatu. Nyumba zaidi ya elfu nne ziliungua, na uwanja ukabaki majivu na kuta. Karibu kila unachokiona pale kilijengwa upya katika miaka michache iliyofuata, na waliojenga si wafalme. Ni vyama vya mafundi na wafanyabiashara: waokaji mikate, wachinjaji, waseremala, watengeneza bia, mabaharia wa mto. Halmashauri ya mji ilidai kuona kila mchoro kabla jiwe halijawekwa, ili nyumba zipatane. Hapa nakuomba usimame kwa muda. Mji ulioteketezwa kwa vita, ukajengwa na watu wa kazi za mikono waliochangishana fedha, ni jambo ambalo mtu wa Katanga anapaswa kulitazama kwa makini kuliko Mmarekani anayepiga picha kando yako.

Kisha uulize nyumba iitwayo Le Cornet. Ilikuwa ya chama cha waendesha vyombo vya mto, na sehemu yake ya juu kabisa imechongwa kama tezi la meli, mpaka na madirisha yake. Watalii wengi wanaipita wakikimbilia chokoleti. Wewe usiipite. Unajua kazi hiyo. Unajua kusukuma mtumbwi kwa upondo ndani ya matete, kuvuka Kisale upepo ukiwa umebadilika, kupanga vifurushi vya samaki visilowe. Hapa wenye kazi hiyo walijenga nyumba kwenye uwanja wa heshima kuliko wote mjini na kuiwekea umbo la chombo chao, kila mtu ajue ni ya nani. Mabaharia wa Lualaba wamelisha Likasi, Kolwezi na Lubumbashi kwa samaki kwa vizazi, na hawana hata ukuta wenye jina lao. Piga picha ya Le Cornet, ya karibu, ya tezi lile. Utawaonyesha bandarini.

Kando ya jumba la jiji, chini ya tao, kuna sanamu ya mtu aliyelala, Everard t'Serclaes, aliyeuawa mwaka 1388 kwa kuutetea mji. Sanamu yenyewe ni ya mwaka 1902. Mwili wote umefifia kwa weusi, ila mkono unang'aa kama umetoka kusuguliwa sasa hivi, kwa sababu kila apitaye huupapasa ili apate bahati. Papasa ukipenda. Utaona jinsi madini yanavyolainika chini ya vidole vya watu wengi.

Jirani yake ni Le Cygne, nyumba ya wachinjaji. Humo Aprili 1885 kilianzishwa Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji. Mwaka uleule Léopold II alitangazwa mwenye nchi ya Kongo. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa huku walipigania mishahara, kura na saa za kazi, na wa kule kwenu walipigwa viboko kwa ajili ya mpira. Mwombe mwongozaji mwenye mwavuli aeleze mambo hayo mawili kwa pamoja. Akishindwa, yaeleze wewe, kwa sauti inayofika nyuma ya kundi.

Lakini lazima nikutahadharishe. Usidai kwamba Grand-Place ilijengwa kwa jasho la Wakongo. Haikujengwa hivyo, nyumba hizi zilikuwa na umri wa karibu miaka mia mbili kabla Léopold hajatia mguu katika habari zetu. Ukilidai jambo moja la uongo, watakuwa wameshapata sababu ya kutokusikiliza utakaposema kumi ya kweli. Hoja zako ziweke akiba kwa tao kubwa la Cinquantenaire la mwaka 1905, ambalo mfalme alilikamilisha kwa fedha za Kongo akiwatanguliza matajiri waonekane ndio wafadhili, na kwa uwanja tunaokwenda sasa.

Lakini kabla hujaondoka Grand-Place, uliza habari ya masharifu wawili, Egmont na Horn. Walikatwa vichwa hapohapo tarehe 5 Juni 1568 kwa amri ya Mkuu wa Alba, aliyetumwa na mfalme wa Hispania. Nchi hii wakati huo ilitawaliwa na mgeni. Mwaka 1864 wakasimamishiwa sanamu mbele ya Maison du Roi, nyumba iliyolikabili jumba la jiji, na baadaye, kabla ya karne ya 19 kwisha, sanamu hiyo ikang'olewa na kupelekwa bustani ya Petit Sablon, ambako ipo mpaka leo. Weka alama hapo kwenye daftari. Mtu akikuambia kwamba sanamu haihamishwi kwa sababu ni historia, mpeleke Petit Sablon kwa miguu. Si mbali.

Panda mlima, na njia yako ipite hapo. Mkabala na bustani hiyo lipo Kasri la Egmont. Ndani yake, tarehe 20 Juni 2022, familia ya Patrice Lumumba ilikabidhiwa jino lake, ndicho kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na miili yao ikayeyushwa kwa tindikali huko huko kwetu Katanga, na askari wa polisi wa Kibelgiji akaondoka na meno. Miaka sitini na moja jino la waziri mkuu lilikuwa Ubelgiji. Vua kofia mbele ya kasri hilo. Usimsubiri mtu akuongoze, kwa sababu kwa kawaida matembezi ya mwavuli hayafiki hapa.

Place du Trône iko dakika chache kutoka hapo, nyuma ya kasri la mfalme, na magari yanapita bila kukoma. Katikati amekaa Léopold II juu ya farasi, ndevu ndefu, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, iliyozinduliwa mwaka 1926. Usianze na uso wake, umeshaonekana vya kutosha. Zunguka jiwe alilosimamishwa juu yake, taratibu, mpaka ukute maandishi ya Kifaransa yanayoeleza kwamba shaba na bati za sanamu hii zimetoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba zilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Soma mara ya pili. Mwite na mwenzio asome. Kampuni ya mwaka 1906 yenye makao yake hapa Bruxelles, iliyochimba ardhi ya Katanga kwa mikono ya watu waliokusanywa vijijini, ilimpa mfalme aliyekufa zawadi ya shaba, na ikaandika kwamba ni bure. Shaba ile ilitoka kwenye mwamba uleule wa kusini uliowapa mafundi wa Kisale misalaba yao. Sisemi kwamba ilipita Bukama, maana shaba ya miaka ile ilikuwa na njia kadhaa za kwenda baharini. Ila waliochimba walikuwa ni watu kama wale ulioandika majina yao. Basi hapa ndipo mahali pa daftari. Litoe, uyasome majina ya wazee wako kwa sauti, mbele ya kibao kile, kwa Kiluba au kwa Kiswahili, vyovyote ulivyozoea kuwaita. Wapita njia watageuka. Waache wageuke. Akija mtu kuuliza unafanya nini, mjibu kwamba unawataja waliotoa.

Union Minière haikufa, nayo uijue. Mali zake za Kongo zilitaifishwa mwaka 1967 zikawa mwanzo wa Gécamines, na kampuni yenyewe ikabadili jina mwaka 2001 ikawa Umicore. Makao yake makuu yangali Bruxelles.

Juni 2020, dunia ilipoandamana kwa ajili ya George Floyd, sanamu hii ilimwagiwa rangi na watu wakaipanda na bendera ya Kongo. Tarehe 30 ya mwezi huo Mfalme Philippe aliandika barua ya masikitiko kwa Rais Tshisekedi, na mwaka 2022 akaja Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu akarudia masikitiko hayo bila kuomba msamaha. Mwaka huohuo wataalamu walioteuliwa na serikali ya jimbo la Bruxelles walitoa ripoti yao, na kati ya njia walizozipendekeza ilikuwamo kuiyeyusha sanamu hii ili kutengeneza kumbukumbu ya wahanga wa ukoloni. Mimi naiunga mkono njia hiyo kwa moyo wote, kwa sharti moja tu: kibao cha Union Minière kibaki palepale, kisomeke. Mfalme anaweza kwenda. Ushahidi usiende.

Ukimaliza, tembea hadi Porte de Namur. Tangu tarehe 30 Juni 2018 pana uwanja mdogo wa Patrice Lumumba. Usitegemee dhahabu wala mnara, utakuta kibao cha jina na mahali pa kukutania. Wakongo wa Bruxelles walilipigania jambo hilo miaka mingi, na kibao hicho kina thamani kwangu kuliko farasi uliyemwacha nyuma. Vuka barabara uingie Matonge, mtaa uliochukua jina lake Kinshasa. Hapo pumzika. Kuna sombe, kuna makayabu, kuna kikwanga, kuna mama atakayekuuliza ulikotoka na ukimwambia Bukama atakuuliza samaki. Kula ushibe. Umetembea sana na umesoma mazito.

Kazi inayobaki iko nyumbani, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Uliyemwona na mwavuli Grand-Place hana elimu ya miujiza. Anajua tarehe chache, anajua asimame wapi, na anasimulia kila siku bila kuchoka. Bukama ina tarehe zake, ina mto, ina daraja, ina kituo, ina wazee wanaokumbuka meli za CFL na mabehewa ya BCK. Ina shule za sekondari zenye vijana wenye sauti nzuri. Haina mtu anayesimama kituoni akasema: hapa 1918, hapa 1928, hapa walipita vibarua, na majina yao ni haya. Anza wewe. Wakusanye wanafunzi kumi Jumamosi, wape kila mmoja kituo chake cha kusimulia: wa kwanza relini, wa pili gatini, wa tatu darajani, mwingine aeleze Sanga hata kama siku hiyo hamtafika. Wavuvi wawe na kituo chao wenyewe, wasimulie wao, wasisimuliwe. Uwaonyeshe ile picha ya tezi la Le Cornet, mjadiliane chama cha wavuvi kingejenga nini kama kingechangishana. Halafu muende pamoja kwa msimamizi wa territoire na barua fupi ya kuomba ubao mmoja tu kituoni, wenye mwaka na majina ya watu waliojenga, kadiri mtakavyoyapata kwa wazee.

Na siku Mbelgiji atakaposhuka Bukama akitafuta mahali babu yake alipofanya kazi relini, maana wapo na huja, mpokeeni vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtembezeni mzunguko mzima, si pale tu alipofanya kazi babu yake. Mtozeni bei mliyoiandika ukutani, sawa kwa kila mtu. Muanze mapema asubuhi kabla ya jua kali, na mwambieni avae kofia.